Simu Isiyopiga

Kaka yangu alikuwa baharia wa meli za mizigo, na alikuwa na ugonjwa wa kununua vitu bila kuuliza vitatumika wapi. Mwishoni mwa miaka ya tisini, mimi nikiwa nesi wa chanjo Kasulu, alininunulia simu. Alinikabidhi nyumbani Tanga nilipokwenda likizo, mbele ya mama na shangazi zangu, akaifunua katikati kama kitabu. Kwa nje ilikuwa simu nzito ya rangi ya mkaa. Kwa ndani ilikuwa na kioo kirefu na vitufe vya herufi vidogo mno, hata ukibonyeza kimoja unabonyeza na jirani zake wawili. Leo wangeiita simu janja. Wakati ule hatukuwa na jina la kuipa, tukaiita simu tu.

"Sasa ukiwa huko porini utaongea na dunia nzima," kaka akasema.

Nilifurahi, sitadanganya. Nilisafiri kwa treni hadi Kigoma nimeifunga kifuani kwa kanga, na kila abiria aliyenitazama mara mbili nilimhesabu mwizi. Nilipofika Kasulu nikaiwasha. Kiooni yakatokea maneno ya Kiingereza yaliyosema inatafuta mtandao. Nikaisubiri itafute. Nikapika, nikala, nikafua, ikawa bado inatafuta. Mimi sikujua kwamba simu ya namna ile inataka mnara, na kwamba huku kwetu hapakuwa na mnara hata wa kusingizia. Nilidhani sauti za watu zinakuja nayo kutoka kiwandani, kama redio inavyokuja na stesheni zake.

Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kijerumani, kwa sababu kaka aliinunua bandarini Ujerumani. Nilikwenda nacho kwa daktari wetu mmoja aliyewahi kusoma Ulaya. Akakigeuza huku na huku, akasema yeye alisoma Bulgaria.

Basi nikaanza kuishi na simu isiyopiga. Siwezi kusema haikuwa na faida. Ilikuwa na saa iliyoniamsha kwa mlio wa kinanda, ingawa iliniamsha kwa majira ya Ulaya mpaka nilipojua pa kuirekebisha. Ilikuwa na kalenda, na humo niliandika siku za chanjo za vijiji vyote, jambo lililonifanya nionekane mtu wa maana kwenye vikao. Ilikuwa na kikokotoo. Umeme ukikatika, kioo chake kilitoa mwanga wa kijani wa kutosha kutafutia kibiriti.

Lakini hasara zake, jamani. Kwanza ilikula umeme kama mgonjwa aliyepona malaria, na umeme wenyewe tuliupata kwa genereta ya hospitali, nayo iliwashwa zaidi kukiwa na upasuaji. Nilijikuta asubuhi nawauliza wenzangu kama leo kuna mtu wa kupasuliwa, na wakinijibu hakuna, nasikitika. Pili, habari zilienea. Walimu walikuja kuomba wapige Moshi. Mfanyabiashara wa maharage alikuja kuomba apige Mwanza aulize bei. Nikiwaambia haipigi, walitazama kile kioo kinavyowaka, wakanitazama mimi, wakaondoka wakiamini nina roho mbaya. Mkuu wangu wa kazi alinilaumu kwamba nilikaa vijijini bila kumpigia ilhali nina simu. Nikamwuliza, nikupigie wapi, mzee, ofisini hakuna simu. Akasema hilo ni suala jingine.

Nilikuwa nimechanganyikiwa kweli. Nilikuwa na kitu cha thamani kuliko vyote nilivyowahi kumiliki, na sikujua kama nimetajirika au nimegeuzwa kichekesho.

Nilipanga chumba kwa mjane mmoja wa Kiha, mwanamke wa makamo aliyelima maharage na mihogo, na aliyenitunza kana kwamba mama yangu alimwachia maagizo. Aliniita Nesi, hata tulipogombana. Yeye peke yake hakuniomba kupiga. Alipita pale barazani nikiwa napambana na vile vitufe, ananitazama, anatikisa kichwa, anakwenda zake kwa kuku.

Siku moja jioni nilibonyeza kitu nisichokijua, nikaiweka juu ya mkeka, nikaendelea na kazi. Baadaye nikabonyeza tena kuizima, na simu ikaanza kusema. Ilitoa sauti ya kuku, halafu sauti ya mjane akimfukuza jogoo jikoni, halafu sauti yangu ikilalamika kwamba chumvi imekwisha. Mama mwenye nyumba aliacha sufuria akaja.

"Huyo ni mimi," akasema.

"Ni wewe, mama."

"Na nikiwa sipo, nitasema vilevile?"

Nikamwambia atasema vilevile. Akarudi kwenye sufuria yake. Nilijaribu kurekodi tena siku zilizofuata, nikagundua kwamba simu ile iliweka sauti moja tu, tena fupi, fupi ya kukera. Ukirekodi ya pili, ya kwanza inafutika. Kwa bei aliyoilipa kaka, niliona ni dharau.

Mjane alikuwa na binti mmoja. Habari zake nilizisikia kwa majirani kabla sijazisikia kwa mama mwenyewe. Binti aliondoka akaenda kukaa Busunzu, wilaya ya Kibondo, na kijana aliyeletwa nchini akiwa mtoto, mgongoni kwa dada yake, walipokimbia vita Burundi. Kijana hakuwa na ubaya. Kosa lilikuwa kwamba hakuna mzee wa upande wake aliyekuja kukaa na mama huyu, kunywa naye pombe ya ndizi na kusema kilichowaleta, kama inavyotakiwa. Wazee wa kijana walikuwa wamekufa, au wamebaki ng'ambo ya mpaka, hata yeye hakujua. Mama alisema kama hakuna wazee hakuna ndoa. Binti akasema basi, akafunga kitenge chake akaondoka. Tangu hapo mama hakuwahi kumtaja yule kijana kwa neno mume. Alimwita "yule aliye naye."

Safari zangu za kupeleka chanjo Kibondo zilinipitisha Busunzu, kwa hiyo nilikuwa nimeshamwona binti kliniki, na nilijua ana mimba ya kwanza. Nilimwambia mama. Akaendelea kupepeta maharage. Kesho yake asubuhi, nikiwa napanga barafu kwenye kasha la chanjo, akaja akasimama mlangoni.

"Nesi, hicho kidude chako. Nataka kimpelekee neno langu."

Nikamwambia aniambie mimi, nitalifikisha. Akasema hapana. Neno hili akilisema mtu mwingine litakuwa la mtu mwingine, na binti yake atapata pa kubishia. Alitaka binti alisikie kutoka kinywani mwake yeye mama. Nikaelewa kwamba huyu mama, aliyekaa kimya muda wote ule, alikuwa amefikia mahali. Amefikia wapi, sikujua.

Tukakaa barazani. Nikabonyeza, nikamwashiria aseme. Akaishika simu kama yai, akaanza kumsalimia binti yake kwa Kiha. Mwakeye, akasema, halafu akanyamaza. Nilidhani amesahau. Alikuwa anangoja ajibiwe. Aliponyamaza vya kutosha mtu kujibu, akaendelea na salamu ya pili, akanyamaza tena. Kisha akaiweka simu chini kwenye mkeka, akapiga makofi taratibu, yale makofi ya Waha ya kumsalimia mtu kwa heshima, kwa sababu mtu hawezi kupiga makofi ana kitu mkononi. Akaiokota, akaendelea. Alikuwa bado anauliza habari za nyumbani simu ilipolia kuonyesha imejaa.

"Imejaa nini?" akauliza. "Sijasema kitu."

Nikamweleza. Tukaanza upya. Akaanza na mwakeye. Akangoja. Akaweka chini, akapiga makofi. Ikajaa.

"Mama," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imeanza kupanda kwa sababu dereva alikuwa anapiga honi barabarani, "acha salamu. Anza na neno lenyewe. Salamu mimi nitampelekea kwa mdomo."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Nitamwambiaje mtu neno hajajua kama namsalimia? Mimi namdai?"

"Lakini hakuna nafasi."

"Basi hicho kidude hakikufundishwa."

Tukarudia mara ya mwisho. Safari hii alijitahidi kuharakisha, akapunguza kungoja, lakini makofi hakuyaacha. Nilisikia salamu ndefu, maswali, kimya, maswali. Kiha changu kilikuwa cha kliniki tu: fungua mdomo, mtoto anaharisha tangu lini. Simu ikalia. Mama akaitazama, akaniambia niipeleke hivyohivyo. Nikamwuliza neno lenyewe ameliwahi. Akasema hakuliwahi, lakini dereva ananiita, niende.

Nilikwenda nimekasirika. Barabara ile siku hizo tulisafiri kwa msafara, askari mbele, kwa sababu ya watekaji, na mimi nilikuwa nimeificha simu ndani ya mfuko wa maharage nikiwaza: nabeba roho mkononi kupeleka salamu. Salamu ambazo ningezibeba bure kwa mdomo. Na lile neno limebaki Kasulu.

Busunzu niliwakuta nyumbani wote wawili. Yule kijana alikuwa mrefu, mpole, anayelima na kuuza maharage sokoni, na alinikaribisha kwa Kiswahili chake chenye Kirundi ndani. "Karibu, muganga. Ukae." Nikawaeleza nilichokileta. Binti akakaa chini papo hapo, akaweka mkono tumboni. Nilipoifunua simu tu, na kabla sijabonyeza, mume akainuka akatoka nje.

"Mbona anaondoka?" nikauliza.

"Hajakaribishwa," binti akasema. "Mkwe hawezi kukaa chumba kimoja na mama asiyemkaribisha."

"Lakini mama hayupo. Ni sauti."

"Sauti si ya mama?"

Nikabonyeza.

Mjane akatoka ndani ya kile chombo akasema mwakeye, na binti yake, mwanamke mzima, akapiga magoti mbele ya kigoda nilichowekea simu, tumbo lote lile, akajibu. Alijibu pale mama yake alipongoja. Kimya kile nilichokilaani barazani kilikuwa kinamtosha sawasawa. Alijibu, na mama akauliza tena, na akajibu. Yalipokuja makofi na yeye akapiga. Mimi nilikaa pale kama mtu aliyeingia kanisa si lake. Kisha mama akauliza swali moja, akangoja, na binti hakujibu. Akafunika mdomo kwa kitenge. Nje, nyuma ya ukuta wa udongo, sauti ya mwanamume ikajibu badala yake, taratibu, kwa heshima. Halafu simu ikalia, ikakatika.

Binti alikuwa analia. Nikaanza kujitetea: mashine ina nafasi ndogo, mama alikuwa na neno, halikuingia, mimi nilimwambia afupishe hakutaka.

"Neno gani?" akasema. "Ameniuliza habari za mume wangu. Amesema mume."

Ndani ya salamu zilezile nilizotaka azitupe kulikuwa na hilo. Lakini sikutulia. Mimi nilikuwepo barazani, nilimwona mama, nilijua kuna neno lilibaki. Mtu anaweza kusalimia vizuri na bado akawa na jambo baya mbele. Kwetu Tanga ndivyo tunavyofanya: tunakuulizia mpaka paka, ndipo tunakupa ukweli wako. Nikamwambia hivyo, polepole. Nikamwambia arekodi majibu, mama ayasikie, halafu mama atasema lililobaki safari ijayo.

"Nikirekodi, yake itakwenda wapi?"

"Itafutika. Inaweka moja tu."

Akaichukua simu mapajani, akaifunika kwa viganja vyote viwili.

"Usifute," akasema. "Nimeulizwa hali. Nitakwenda kumjibu mwenyewe."

Nilikataa. Nilimpima, mtoto alikuwa amekaa vizuri lakini siku zake hazikuwa mbali, na barabara ile ilikuwa ya kumtikisa hata mwanamume mzima. Dereva alikataa pia. Nikamgeukia mume, nikitumaini atanisaidia, naye akasema mke wake akijifungua bila kumjibu mama hatalala. Niliporudi kutoka Kibondo, nikiwa na makasha matupu, nilimkuta binti kando ya barabara amesimama na furushi, mumewe kamshikia mwavuli. Yule kijana akaniambia, "Muganga, umwambie mama nimemjibu. Mimi nitakuja nikiitwa." Dereva akalaani, akafungua mlango.

Nilimkalisha mbele, nikamwekea nguo chini na mgongoni, na njia nzima nikawa namtazama yeye na shimo, yeye na shimo. Naogopa hata leo nikikumbuka. Sikuogopa uchungu tu; uchungu ni kazi yangu. Niliogopa kwamba nampeleka huyu mtoto wa watu kwenda kuambiwa maneno ambayo hayajulikani, na kwamba ni mimi niliyeileta hiyo sauti nusu. Nilimwuliza, je, mama akiwa na neno baya? Akasema mimi sijui salamu zao. Akasinzia. Mimi sikusinzia.

Tuliingia Kasulu jua likiwa bado juu. Mama mwenye nyumba alikuwa uani kwenye mkeka, anachambua maharage. Alimwona binti yake akishuka, akaona na tumbo, mikono yake ikasimama ndani ya ungo. Hakuna aliyekimbia. Binti alipiga magoti kwa shida, nikataka kumshika, akanisukuma kidogo. Mwakeye, mama akasema. Safari hii kulikuwa na mtu wa kumjibu, na kwa kuwa hakuna kilichojaa wala kulia, walisalimiana mpaka miguu yangu ikachoka. Makofi yakaenda yakarudi. Mama akamwulizia mume. Binti akajibu kwamba hajambo, na kwamba na yeye mwenyewe amejibu, kutoka nje ya nyumba. Mama akaitikia kwa kichwa.

Halafu akanigeukia, akaanza Kiswahili ili na mimi nisikie, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nesi, umefanya nini? Mimi neno nililotaka kumwambia ni asije."

Binti hakuinua kichwa.

"Asije," mama akarudia. "Na tumbo hilo, barabara ile, na wale wenye bunduki. Nilitaka kumwambia asije, nitakwenda mimi. Nikakae kwake Busunzu, nimpokee mtoto, kwa mume wake hukohuko, hata kama hakuna mzee aliyekuja kwangu. Hilo ndilo neno. Nawe ukaniambia nianze nalo."

Nilikuwa nimemwambia hivyo kweli. Simu ilikuwa mkononi mwangu, imezimika kwa kukosa umeme, na nilikuwa najaribu kufikiria ingekuwaje kama angenitii: asije, halafu kimya cha kungoja ajibiwe, kama alivyozoea, halafu mengine.

Binti alikuwa bado amepiga magoti.

"Mama, ningesikia usije," akasema, "nisingesikiliza la pili. Ningetoka nje na mimi."

Mama mwenye nyumba alivuta ungo pembeni, akasogea kwenye mkeka, akampisha akae.